Kuchuja viazi mviringo dhidi ya mnyauko bakteria katika joto la Dar es Salaam: utatuzi wa matatizo

Viazi mviringo havilimwi Dar es Salaam. Magunia yanayoshushwa Ilala na Mabibo hutoka Njombe, Mbeya, Iringa na Lushoto, na huko ndiko mnyauko bakteria unakowatia wakulima hasara. Lakini jiji hili lina kitu ambacho mzalishaji wa aina mpya hukitafuta kwa gharama nyanda za juu, nacho ni joto. Bakteria wa mnyauko, Ralstonia solanacearum, hushamiri udongo ukiwa na nyuzijoto 25 hadi 30, kwa hiyo katika banda la neti hapa mjini jibu la mmea upi unahimili ugonjwa na upi hauhimili hupatikana ndani ya wiki nne. Tatizo ni kwamba joto hilohilo hudanganya. Hunyausha mmea usio na ugonjwa, huangusha ukinzani wa kweli, na huzuia viazi kutunga.

Mpangilio tunaouzungumzia ni huu: uchavushaji hufanyika nyanda za juu, mbegu au vipando huletwa Dar, huambukizwa kwa makusudi ndani ya banda lililofungwa na kwa kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, kisha kloni (mimea iliyozalishwa kutoka mmea mmoja kwa vipando au viazi, hivyo inafanana nao) zilizofaulu hurudishwa nyanda za juu kutoka kwenye nakala safi. Kamwe zisirudishwe kutoka kwenye chungu kilichoambukizwa. Kila kloni iwe na nakala yake ndani ya chupa za maabara kabla hujamwaga tone moja la bakteria. Asiye na nakala hizo asianze.

Mmea umenyauka, lakini huna hakika kama ni bakteria

Saa nane mchana mwezi Februari kila kiazi kilichomo bandani huinama, chenye ugonjwa na kisicho nao. Wengi husema subiri asubuhi: ukiinuka, lilikuwa jua. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu mmea uliopata bakteria karibuni nao huinuka usiku kwa siku mbili tatu za mwanzo. Angalia mpangilio wake. Jua hulaza mstari mzima kwa pamoja, pamoja na mimea ya kulinganishia ambayo haikuambukizwa. Bakteria huanza na jani moja la juu au upande mmoja wa shina, na jani hunyauka likiwa bado la kijani.

Baada ya hapo fanya kipimo cha glasi. Kata kipande cha shina cha sentimita 3 hadi 5, juu kidogo ya udongo. Kifute, kibane kwa kibanio cha nguo, kisha kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji tu. Usitikise meza. Kama ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe za ute zitaanza kushuka kutoka kwenye mishipa, nyembamba na zilizonyooka, kama moshi wa udi uliogeuzwa kuelekea chini. Tafuta nyuzi hasa. Maji kubadilika tu kuwa na ukungu si ushahidi, kwa sababu shina lililokwisha kuoza hutoa bakteria wa kila namna.

Dakika 15 zikipita bila nyuzi, chimba mmea. Shina jeusi, laini na lenye harufu mbaya karibu na udongo ni uozo laini wa bakteria wengine, Pectobacterium au Dickeya. Majani yaliyoanza kuwa ya njano kutoka chini, na mishipa ya kahawia isiyotoa ute, huelekeza kwenye ukungu wa Fusarium. Mizizi yenye vinundu ni minyoo fundo. Chungu kizito chenye mizizi ya kahawia kimezidiwa maji. Usipoona lolote kati ya hayo, pima kipande cha shina maabara, kwani maambukizi machanga hayatoi nyuzi.

Wiki mbili zimepita na hakuna mmea hata mmoja ulionyauka

Furaha ije baadaye. Angalia kwanza aina dhaifu uliyoiweka kama kipimo. Kama nayo imesimama, jaribio zima halina maana, hata kama kloni zako zote zinapendeza.

Chanzo cha kawaida ni bakteria waliopoteza makali. Ralstonia akikuzwa mara kwa mara kwenye sahani za maabara, au akiachwa kwenye friji, hubadilika na kushindwa kuambukiza huku akiendelea kukua vizuri. Mpande kwenye chakula cha bakteria chenye TZC, kemikali inayotia koloni rangi nyekundu: kwa lita moja, peptoni gramu 10, kasini iliyovunjwavunjwa gramu 1, glukosi gramu 5 na agari gramu 15 hadi 17. Chemsha kwa mvuke wa shinikizo, acha ipoe hadi karibu nyuzi 55, ndipo uongeze TZC gramu 0.05. Baada ya saa 48 katika nyuzi 28, koloni (kundi la bakteria lililoota kwenye sahani) kali huwa nyeupe, ya majimaji, yenye kingo zisizo sawa na waridi katikati. Koloni iliyopoteza makali huwa ndogo, ya mviringo, kavu kidogo na nyekundu iliyoiva. Chagua za majimaji peke yake. Zihifadhi kwenye maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo, ndani ya kichupa kilichofungwa, katika joto la chumba chenye kiyoyozi. Wenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri wanaweza kutumia gliserini. Kila msimu pitisha bakteria kwenye mche wa nyanya dhaifu, uwatoe tena humo wakiwa na makali yao.

Chanzo cha pili ni maji. Maji ya bomba yana klorini, na ukichanganyia bakteria humo unawaua kabla hawajafika chunguni. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, nayo huunguza kingo za majani na kukuvurugia alama. Tumia maji yaliyotoneshwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa) kwa mchanganyiko wa bakteria, na maji ya mvua kwa kumwagilia.

Kisha hesabu kipimo. Lengo ni bakteria 100,000,000 kwa kila mililita. Kusoma ukungu wa mchanganyiko kwa mashine hutoa makadirio tu. Uthibitisho ni kuhesabu koloni: punguza mchanganyiko mara 100,000, sambaza mililita 0.1 kwenye sahani, na utarajie koloni kama 100. Ukipata 10, kipimo chako ni sehemu moja ya kumi ya ulichodhani. Kwa chungu chenye gramu 500 za udongo mimina mililita 50, upate bakteria wapatao 10,000,000 kwa kila gramu. Kabla ya kumimina, choma udongo kwa kisu upande mmoja wa mmea, kina cha sentimita 5, ili kukata mizizi kidogo. Udongo uwe na unyevu siku hiyo na siku zinazofuata.

Yote yamekufa kufikia siku ya kumi

Hapa jaribio limekuwa kali kupita ukinzani wowote unaoweza kupatikana kwenye kiazi. Hakuna kiazi mviringo kinacholimwa chenye kinga kamili dhidi ya bakteria huyu. Kinachotafutwa ni jeni kadhaa zinazosaidiana kumchelewesha na kumbana, na ukizizidi nguvu kwa kila njia hutaziona.

Pima joto la udongo, usipime la hewa. Chungu cheusi kilichopigwa na jua la Desemba hadi Machi hupanda kupita nyuzi 35, na hapo mmea umekwisha kudhoofika wenyewe. Paka vyungu chokaa au vifunike kwa gunia jeupe, weka neti ya kivuli ya asilimia 40 hadi 50, na lenga udongo wa nyuzi 26 hadi 28. Ukinzani uliotoka kwa Solanum phureja, jamii ya viazi vya Andes iliyotumika sana katika kazi hii, unajulikana kulegea joto linapozidi. Kloni nzuri ya ukoo huo inaweza kufa Februari na kusimama Julai. Kwa sababu hiyo mchujo wa maana ufanyike Juni hadi Agosti. Miezi ya joto iachie majaribio ya kuthibitisha makali ya bakteria.

Umri nao una uzito wake. Miche iliyotokana na mbegu za tunda ni laini kuliko mimea iliyotokana na viazi au vipando. Isubiri ifikishe majani 5 au 6, na uipe kipimo pungufu mara kumi. Vipando vya kloni viambukizwe vikiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, vyote vya umri mmoja. Kulinganisha kipando cha wiki tatu na cha wiki sita ni kulinganisha umri, na ukinzani hautauona hapo.

Mimea isiyoambukizwa nayo imeanza kunyauka

Maji yanayorukaruka, mkono, kisu na sinia moja linalochangiwa na vyungu vingi ndio wasafirishaji. Kila chungu kiwe na kisahani chake, mwagilia polepole kwenye udongo, na anza kazi kwa mimea safi ndipo uingie kwenye iliyoambukizwa. Visu vioshwe kwanza uchafu utoke, kisha vilowekwe kwenye klorini ya asilimia 0.5, yaani jiki ya asilimia 3.5 sehemu moja kwa maji sehemu sita. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku, kwa sababu joto na uchafu huumaliza nguvu.

Tatizo hili likijitokeza bandani, jua kwamba linaweza pia kutoka nje. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu na pilipili zote hushambuliwa na bakteria wa kundi hili, na bustani za mboga kando ya Msimbazi na mito mingine ya jiji hunyweshwa kwa maji yanayopita mitaani. Maji yanayotoka bandani yakusanywe kwenye pipa na kutiwa dawa. Udongo uliotumika upikwe kwa mvuke wa nyuzi 121 kabla ya kutupwa. Mbolea ya mboji haifai kuwa mwisho wa mmea wowote ulioambukizwa.

Mmea umebaki kijani hadi mwisho

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo linalopita bila kuonekana, maana halifanani na tatizo. Kloni imesimama siku 28, majani yake safi, alama 1 katika kipimo cha 1 hadi 5. Mzalishaji huandika "mkinzani" na kuendelea. Ukweli ni kwamba una mimea ya namna mbili iliyosimama pamoja: uliomzuia bakteria asiingie au asipande, na uliombeba kimya bila kunyauka. Wa pili ni hatari kuliko aina dhaifu. Aina dhaifu hunyauka shambani na mkulima akaiona. Hii huvunwa, hupendeza, huuzwa kama mbegu, na kwenda kuambukiza mashamba yaliyokuwa safi.

Mfano unaojulikana sana ni Cruza 148, aina iliyosambaa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Shambani hustahimili mnyauko, na wakulima waliipenda kwa haki kabisa. Lakini viazi vyake huweza kuwa na bakteria bila dalili yoyote. Baridi ya nyanda za juu huzidisha ufichaji huo.

Kwa hiyo daftari la mchujo liwe na safu mbili. Ya kwanza ni ya mnyauko: alama 1 hakuna dalili, 2 hadi robo ya majani, 3 hadi nusu, 4 hadi robo tatu, 5 zaidi ya hapo au mmea umekufa, ikisomwa kila baada ya siku 3 au 4. Ya pili ni ya maambukizi yaliyofichika, na hii ndiyo inayoamua.

Mwisho wa jaribio, mimea yote ya kijani ikatwe vipande vya shina sehemu mbili, karibu na udongo na sentimita 15 juu yake. Saga kila kipande peke yake kwenye maji safi ya maabara, upande kwenye sahani. Kloni inayombana bakteria itakuwa na idadi ndogo sana juu, au haitakuwa nao kabisa. Ikiwa juu na chini wanalingana, una mbebaji.

Viazi navyo vipimwe, kama vimetunga. Hapa Dar usiku usioshuka chini ya nyuzi 20 hupunguza viazi, ndiyo sababu nyingine ya kufanya kazi hii Juni hadi Agosti. Osha kiazi, kisha toa kipande chenye umbo la pia pale stoloni (shina la chini ya udongo linalobeba kiazi) ilipoungana na kiazi, kwa kuwa pete ya mishipa huanzia hapo na bakteria huingilia hapo. Ukikata katikati utawakosa waliokuwa ndio kwanza wanaingia. Saga kipande hicho, kiloweke kwenye majimaji ya SMSA, chakula kinachokuza Ralstonia na kuzuia bakteria wengine, saa 48 katika nyuzi 30 huku yakitikiswa, ili wachache wawe wengi, ndipo upime kwa ELISA ya utando wa selulosi naitreti (kipimo cha kingamwili) au kwa PCR (kipimo cha DNA). Ukiruka hatua ya kuwakuza, majibu mengi ya "hakuna" yatakuwa ya uongo. Viazi vilivyobaki viwekwe kwenye mifuko ya karatasi ndani ya sanduku lililofungwa, nyuzi 28 hadi 30, wiki tatu. Angalia macho yake: udongo uliogandia kwenye jicho lenye unyevu ni dalili ya ute unaotoka. Kikate, kibinye taratibu, na pete itatoa matone meupe ya maziwa.

Idadi ya viazi ina maana kuliko watu wanavyodhani. Kama kiazi 1 katika kila 10 cha kloni hiyo kina bakteria, ukipima viazi 5 kuna nafasi ya asilimia 59 usikute hata kimoja. Ukipima 30, nafasi hiyo inashuka hadi asilimia 4. Kloni iliyopimwa viazi vitano haijapimwa.

Kloni imefaulu bandani, imeanguka shambani

Mara nyingi bakteria si wale wale. Kundi hili limegawanyika katika filotaipu nne (koo za bakteria zinazotofautishwa kwa jeni zao), na mwaka 2014 wataalamu walilitenga rasmi kuwa spishi tatu. Nyanda za juu za Afrika Mashariki anayetawala kwenye viazi ni wa filotaipu IIB, anayevumilia baridi. Maeneo ya chini yenye joto yana pia filotaipu I, inayopenda nyanya na mimea mingi zaidi. Ukichukua bakteria kutoka kwenye nyanya za Dar ukachujia kloni za Njombe, umejibu swali ambalo mkulima wa Njombe hakuliuliza. Chuja kwa bakteria waliotoka kwenye viazi vya eneo litakalolimwa, angalau kutoka sehemu tatu tofauti, kila mmoja na vyungu vyake.

Sababu nyingine ni minyoo fundo. Hutoboa mizizi na kumfungulia bakteria mlango, na kloni iliyochujwa kwenye udongo uliopikwa haijawahi kukutana nayo. Rudia jaribio la mwisho kwenye udongo wenye minyoo hiyo kabla ya kuipeleka kloni mbali.

Maua yanadondoka, matunda hayashiki

Ukijaribu kuchavusha Dar, hilo ndilo utakaloliona: machipukizi ya maua hukauka yakiwa bado madogo. Hamishia kazi Uyole (Mbeya), Njombe au Lushoto, kwenye nyuzi 15 hadi 20. Kule nako, siku zetu za saa 12 ni fupi kwa aina nyingi, hivyo taa ziongezwe zifikie saa 16. Panda kiazi juu ya tofali lililofunikwa udongo, kisha mmea ukifika sentimita 15 hadi 20 osha udongo wa juu ili mizizi ishuke na stoloni zibaki wazi uzikate. Nguvu iliyokuwa iende kwenye viazi hupanda kwenye maua. Kupachika kikonyo cha kiazi kwenye shina la nyanya hufanya kazi ileile.

Toa vifuko vya chavua kwenye ua la mmea utakaokuwa mama kwa kibano siku moja kabla halijafunguka, ubakize maua 4 hadi 6 kwa kichala. Tunda lisiposhika ingawa hali ya hewa ni nzuri, tazama chavua kwa hadubini baada ya kuitia rangi ya asetokamini. Chembe nono nyekundu ni hai. Chembe zilizosinyaa zisizo na rangi zinakwambia baba huyo hafai, na aina nyingi za viazi ziko hivyo.

Matunda yakishika lakini mbegu zikawa tupu, hesabu kromosomu. Kiazi cha kawaida kina 48, S. phureja ina 24. Uchavushaji kati ya hivyo viwili hufanikiwa pale phureja inapotoa chavua isiyopunguza kromosomu zake, na watoto wanakuwa na 48. Chembe hizo ni kubwa kuliko wenzake, utazitambua kwenye hadubini. S. commersonii, yenye ukinzani mzuri sana, haipokei kabisa uchavushaji wa moja kwa moja na kiazi cha kawaida. Huhitaji kuongezewa kromosomu maradufu na kupitia spishi ya daraja (spishi ya tatu inayochavushana na zote mbili), au kuunganisha seli maabara. Uruguay wameifanyia kazi hiyo kwa miaka mingi.

Mbegu mpya zisipoota, zimelala tu. Ziloweke saa 24 kwenye asidi ya jibereli: gramu 0.15 kwa mililita 100 za maji, ikiyeyushwa kwanza kwa matone ya spiriti.

Ukinzani upo, viazi havifai

Damu ya porini huleta stoloni ndefu, viazi vidogo, macho ya ndani na uchungu. Kiazi chenye glaikoalkaloidi (sumu chungu ya asili ya viazi) zaidi ya miligramu 20 kwa gramu 100 za kiazi kibichi si chakula, kiondolewe hata kama kimeshinda kila jaribio. Rudisha uzao kwa wazazi wa kulimwa mara mbili au tatu, ukibadilisha mzazi kila mara, maana kurudia mzazi yuleyule hudhoofisha watoto. Kila kizazi kichujwe upya kwa safu zote mbili, kwani jeni za ukinzani hupotea njiani bila kuaga.

Walaji wa Dar wataipima kloni kwenye karai la chipsi. Pima kilo 2 za viazi safi hewani, halafu vikiwa vimezamishwa majini. Gawa uzito wa hewani kwa tofauti ya uzito huo miwili: gramu 2,000 zinazosoma gramu 148 majini hutoa 1.080, na hicho ni kiazi kikavu kinachokaangika. Kikiwa chini ya 1.070 kitanyonya mafuta na kulegea. Viazi vya kipimo hiki visitoke kwenye friji, kwa sababu baridi ya chini ya nyuzi 8 hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi hutoka za kahawia, ukaitupa kloni isiyo na kosa. Na ile iliyosoma 1.065 lakini viazi vyake 30 havikuwa na bakteria hata kimoja, ibaki kwenye chupa kama mzazi wa msimu ujao.